Safu ya Nne

Daftari langu lina safu tatu:
jina, namba ya mwezi jana, namba ya mwezi huu.
Miaka kumi na tisa nalibeba kwapani
kutoka Kaimosi kushuka bondeni.
Mbwa wote wananijua, nami nayajua madeni yote.

Hisa zetu za kwanza hazikuwa shilingi.
Zilikuwa siku.
Kutwa moja ya kuchimba mfereji, hisa moja.
Mama yangu, Mmbone, alichimba akiwa na mimba ya miezi saba,
na katibu, mtu wa haki na wino mchache,
akaandika mbele ya jina lake: wawili.

Maji yalipougeuza mtambo mara ya kwanza
taa iliwaka kwa Keseko, fundi viatu.
Mkewe akaifunika kwa ungo
ili isiishe kabla ya wageni kufika.

Tulicheka. Siku hizi sicheki.
Kila Januari mto unashuka chini ya alama nyekundu
na taa zinageuka rangi ya uji wa wimbi.
Tulimlaumu Mungu, tukawalaumu wakaao juu ya mto,
kumbe ni mikaratusi yetu,
tuliyoipanda wenyewe ili tupate nguzo,
ndiyo inayoumaliza mto wa kuzipa nguzo kazi.

Kisha jua likaja na bei ya chini.
Asava mwenye kinu akapandisha paneli kumi na mbili;
mita yake ikalala mchana kutwa.
Laini ya taifa nayo ikafika barabara ya lami,
ikasimama pale kama posa.
Nikaanza kuandika sufuri palipokuwa na maelfu,
na sufuri ya tajiri, wajane ndio huilipa.

Tulikutana ukumbi wa kanisa la Marafiki.
"Umoja ni nguvu," mwenyekiti akasoma kutoka kichwa cha risiti.
"Nguvu ngapi?" Asava akauliza. "Kilowati ngapi?
Mimi nina wateja, na mahindi hayasagwi kwa methali."
Watu wakaguna. Hakuna aliyemjibu.
Tukakaa kimya, kimya chetu cha siku zote,
hadi ukasikika mfereji kule nyuma, mwembamba,
kama mtu anayemeza mate.

Ndipo Vuguza, binti wa juzi tu aliyesomea umeme,
akaomba chaki.
Mchana tununue jua la mapaa yetu wenyewe.
Maji tuyazuie bwawani, yatushukie usiku.
Betri zikae katika chumba cha zamani cha maziwa,
ambako baridi ilishatoroka.
Na mikaratusi ya ukingoni, msumeno.
Hapo ndipo kelele zilipoanza,
maana kila mtu ana mti wake wa karo.

Sitini na moja, ndiyo. Hamsini na nane, la.
Asava alipiga la,
kisha akawa wa kwanza kuja kuulizia waya.

Basi nimepiga mstari mpya kwa rula.
Safu ya nne: alichotoa.
Kwa Asava mita inarudi kinyumenyume,
naye anasimama mlangoni akiitazama
kama mtu anayerudishiwa mahari.

Kwa mama, uniti tatu: balbu, redio, simu ya jirani.
Akavaa miwani, akakifuata kidole changu.
"Na hapa pangu pa kutoa, mbona peupe?"
Sikuwa na la kusema.
Kanuni zinataka paneli, kipimo, sahihi ya fundi.

Usiku nikalitoa sandukuni daftari la kwanza,
lenye madoa ya tope la mfereji wenyewe.
Nikautafuta ule ukurasa.
Kisha katika safu yake ya nne, bila ruhusa ya kamati,
nikaandika kwa penseli: wawili.